Katibu wa Bibi

Serikali ilipofunga shule Machi 17, 2020 kwa sababu ya korona, ilisema ni siku 30. Sisi huku Ngara tukanunua daftari moja. Shule za msingi zilikuja kufunguliwa Juni 29, na katikati hapo kila mwenye shati la kola aligeuzwa mwalimu. Mimi nilikabidhiwa mpwa wangu wa darasa la nne, mtoto anayeweza kukusimulia ugomvi wa kuku wawili mpaka ugali upoe, lakini ukimpa penseli ananyamaza kama redio iliyoishiwa betri.

Nilimpa kichwa cha insha ambacho hakuna Mtanzania aliyekikwepa: "Siku Nisiyoisahau". Akafikiri asubuhi nzima huku akichonga penseli. Nilipokwenda kukagua, penseli ilikuwa imebaki kifutio, na karatasi nyeupe.

"Mjomba, hiyo siku siikumbuki."

Sababu ilikuwa kwenye daftari lake la zamani. Kihangaza chetu hakigombani na mtu kuhusu r na l; Kiswahili cha shule kinagombana. Aliandika kwamba babu yake anakura ndizi, na wino mwekundu ukamshukia babu, ndizi na kila kilichofuata. Mtoto akapiga hesabu: aliyeandika kidogo hukosea kidogo, asiyeandika kabisa hakosei kabisa. Hesabu anaijua.

Vipindi vya masomo vilikuwepo redioni, ila redio ya pale nyumbani ina mwenyewe. Mama yangu, ambaye pale kila mtu humwita Bibi, anasikiliza Redio Kwizera tangu ilipoanzishwa 1995, wilaya ikiwa imejaa wakimbizi, na hawezi kuhama stesheni kwa ajili ya nomino.

Hata hivyo, ukombozi ulitoka kwake. Ana kaka yake Biharamulo, mjomba wangu, ambaye Bibi anamdai mbuzi jike mweusi kwa miaka mingi. Simu haikusaidia. Salamu zao huanza kwa watu, zikapita kwa ng'ombe na migomba, salio likaisha deni halijatajwa. Nina hakika Mjomba alikuwa akizirefusha makusudi. Bibi akaamua iandikwe barua, na mwandishi asiwe mimi, kwa kuwa mimi "nitamlainishia".

Bibi anaiheshimu karatasi. Mwaka 1994, kambi ya Benaco ilipokuwa na watu kuliko mji wowote wa Kagera, aliwaona wakimbizi wakijaza fomu za Msalaba Mwekundu kutafuta ndugu waliopotezana nao njiani. Hazikufungwa kwenye bahasha, na zilibeba habari za familia tu: nani yuko hai, na yuko wapi. "Sikusikia anayeuliza kama r imekaa mahali pake," alimwambia mjukuu wake, huku akiniangalia mimi. Kalamu nyekundu ilikuwa mfukoni mwangu. Nikaisukuma chini kidogo.

Mtoto akaandika. Kufikiri ilikuwa kazi ya Bibi, yake ilikuwa mkono tu, na mkono ukakimbia kurasa mbili. Juu kulia aliweka anwani kama alivyofundishwa, na kwa vile hatuna sanduku la posta, akaandika: "S.L.P. Hatuna". Kwenye bahasha: "Biharamulo. Ukiliona Boma la Wajerumani, uliza." Bibi akakataza isisomwe na mtu. Ikapewa dereva wa mchomoko wa Lusahunga, apokezane na mwenzake.

Majibu yalikuja kwa anwani ya "Ndugu Katibu". Mjomba alikuwa amenukuu. Kumbe mtoto aliandika kila kilichotoka kinywani mwa Bibi: "Kaka yangu nakudai mbuzi wangu jike mweusi toka huko kuku we toa kidole puani andika kaka yangu ni mwongo tangu utotoni hilo usiandike." Mjomba akajibu hoja kwa hoja. Mbuzi anamtambua. Lakini huyo kuku ni deni la lini? Na kidole ni cha nani?

Bibi alicheka mpaka akaomba maji. Katibu hakucheka. Mtu mzima alikuwa ameyasoma maneno yake na kuyajibu moja moja. Hilo halikuwahi kumtokea. Akavuta daftari bila kuitwa.

"Mjomba, nukta inawekwa wapi ili kuku asiingie kwa mbuzi?"

Nilikuwa nimelisubiri swali hilo tangu Machi. Tulikaa na nukta mpaka taa ikawashwa. Insha ya shule ina msomaji mmoja, naye analipwa kutafuta makosa. Barua ya deni ina msomaji anayetafuta pa kutorokea, na mtoto akishaliona hilo huziba matundu yote mwenyewe.

Barua ya pili ilikuwa na aya, na kuku hakuonekana. R bado zilikuwa zikitangatanga, nikaziacha zitembee. Chini kabisa aliongeza kitu alichokiona kwenye tangazo la ofisi ya kijiji: "Nakala: Mtendaji wa Kata." Nakala yenyewe haikuwepo, wala Mtendaji hakujua lolote, lakini Mjomba si mtu wa kubahatisha. Haikupita muda mchomoko ukasimama mlangoni, mbuzi mweusi kwenye buti, kabanwa na tairi la akiba, pamoja na karatasi ya makabidhiano.

Bibi alishanyoosha dole gumba asaini. Katibu akamzuia, akazunguka nyuma ya gari, akainama, akakagua kwa utulivu wa afisa mifugo, kisha akamrudishia dereva karatasi yake. Barua ilisema jike.