Sifa za Jiko la Koili Moja

Wapo waliosifu farasi, wapo waliosifu majahazi, na kahawa, na tambuu, na milango ya nakshi. Wala hakuna aliyewashangaa, kwa kuwa vitu hivyo vyajisifu vyenyewe, na msifuji wake huwa kama mtu atiaye maji baharini. Fundi wa sifa hujulikana anapokabidhiwa kitu kisicho na mtetezi. Synesius wa Kurene, kabla hajawekwa kuwa askofu, alitunga sifa za upara. Na Erasmus wa Rotterdam alipiga chapa sifa za upumbavu mwaka 1511, na wasomi wangali wakizisoma na kucheka hata leo. Basi ikiwa upara umepata wakili na upumbavu umepata wakili, ni dhuluma iliyo dhahiri kwamba jiko la koili moja, liwekwalo pembeni mwa chumba cha kukodi kwa ajili ya mapumziko, halijapata hata karani wa kuliandikia barua.

Nazungumza juu ya jiko nilijualo, la Mji Mkongwe wa Unguja, ambako nyumba za mawe zilizojengwa kwa ajili ya kaya zenye mashangazi na wajukuu na watumishi zimekatwa vipande vipande, na kila kipande hukodishwa kwa mpumzikaji wake kwa jina la studio. Kila kipande kimepewa kitanda chenye chandarua, dirisha la kuchungulia uchochoro, na kidaka ambacho zamani kiliwekwa taa, na sasa kimepandishwa cheo kuwa kabati la vyombo. Chini ya kidaka hicho ndipo lilipo jiko letu. Lina koili ya umeme ambayo hupata wekundu nusu ya mzingo wake, na nusu ya pili hubaki nyeusi, ikitazama tu kazi ya mwenziwe; lina sufuria moja ambayo tako lake limevimba kwa uzee, hata ikiwekwa juu ya koili huzunguka yenyewe pole pole, mkono wake ukielekea mlangoni; lina mfuniko wa sufuria nyingine isiyokuwamo; lina birika la umeme, mwiko ulioungua ncha, na kisu ambacho nyanya hazikiogopi. Ukikibana juu ya nyanya, nyanya hubonyea, hufikiri kidogo, kisha hupasuka ubavuni na kurusha mbegu zake ukutani. Mbuzi ya kukunia nazi haimo, wala kinu, wala kifumbu, wala kawa. Kipo kijifriji kilichoota barafu nyingi kiasi kwamba chupa ya maji na limau moja vikishaingia, mlango haukubali kitu cha tatu.

Mtu mwenye papara akiyatazama hayo husema ni ufukara, akateremka ngazi kwenda kulalamika. Mwenye insafu hungoja.

Hungoja kwa sababu jiko hili, kabla ya jambo lolote, humrudishia mtu tartibu. Nyumbani, ambako majiko ni mawili matatu na kila moja lina chombo chake, mpishi huvurugwa na uhuru: wali waiva huku, mchuzi watokota kule, na samaki aungua kwa sababu macho yalikuwa kwenye kachumbari. Koili moja imeikata fitina hiyo yote kwa hukumu fupi, kwamba hakuna kitakachoanza kabla kilichotangulia hakijaisha. Wali hutangulia, kwa kuwa ndio mvumilivu. Hupikwa, huepuliwa, hupakuliwa katika bakuli, bakuli likaviringishwa ndani ya taulo, na kwa kuwa meza ni moja na imekwisha kutwaliwa na nyanya zilizojeruhiwa, hulazwa kitandani na kufunikwa kwa mto. Ndipo mchuzi upate zamu yake. Na muda wote mchuzi ukitafuta moto, mwenye chumba husimama kwa miguu yake miwili akiizuia sufuria isizunguke, ilhali wali umejinyoosha chini ya chandarua. Nami sijasikia kasri la mfalme yeyote ambamo wali ulipata taadhima ya namna hiyo.

Yasemwa kwamba jiko hili ni zito la kuchemsha. Ni kweli, na kosa ni la wasemao kwa kuona kwamba hiyo ni aibu. Koili ya aina hii aghalabu huwa na nguvu ya wati 1000, na birika lililo jirani yake huenda likawa na mara mbili ya hizo. Vikiwashwa vyote viwili huku kiyoyozi kinavuma, swichi kuu iliyo nyuma ya mlango hutoa mlio mmoja mkavu, na chumba kizima hurejea zama za Sayyid Said. Hivyo mpangaji hupata, bila ya mwalimu, elimu ya umeme ambayo shuleni ilimpita: akitaka chai, aache ubaridi, akitaka ubaridi, aache chai, na akitaka wali, aache vyote viwili na kufungua dirisha. Tena jiko hili halina kiburi cha kudai kwamba lajitegemea. Umeme wa Unguja huja kutoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na wenyeji hawajasahau mwaka 2008, njia hiyo ilipoharibika na kisiwa kikakaa takriban mwezi mzima gizani, wala ile miezi mitatu iliyoanza Disemba 2009, kabla ya waya mwingine wenye nguvu zaidi kutandazwa na kuanza kazi mwaka 2013. Katika siku hizo makaa yalirudishiwa utawala wake, na koili zote za kisiwa zikakaa kimya. Hakuna hata moja iliyolalamika.

Ama habari ya wageni, hapo ndipo sifa za jiko hili zinapozidi kalamu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliwekwa katika nyumba ya wanafunzi wa dini, akaletewa sinia la mti lenye wali uliopikwa kwa samli, na juu yake vitoweo vya kuku na nyama na samaki na mboga. Na kando ya hayo ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na achari ya ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Na karamu hiyo ikaletwa mara tatu kwa siku. Wapo waisomao habari hiyo wakasikitika kwamba zama za mgeni kupikiwa zimetoweka. Mimi huisoma nikamhurumia msafiri yule, ambaye hakupewa nafasi hata ya kuchemsha yai lake mwenyewe. Naye ameandika kwamba watu wa mji ule walikuwa wanene wa kupita kiasi; maradhi hayo koili moja ingaliyaponya kabla ya mfungo wa Ramadhani. Maana katika chumba chetu sahani ni mbili, vikombe ni viwili na kimoja hakina mkono, kiti ni kimoja, na jamaa yeyote apitaye akibisha hodi kwa nia ya kushinda hadi chakula cha mchana huangalia mara moja kile kidaka, akakumbuka kwamba ana shughuli Mkunazini. Nyumba nyingi zimefilisika kwa ukarimu. Studio haijafilisi mtu kwa njia hiyo, ingawa kodi yake ni hadithi nyingine.

Na akitokea mtu wa kusema kwamba chombo kimoja huleta ugomvi katika jamaa, ajibiwe na al-Jahiz wa Basra, ambaye katika kitabu chake cha mabakhili amehadithia wasafiri wa Khurasani walioshirikiana chungu. Kila mmoja alinunua kipande chake cha nyama, akakitunga katika uzi wake, wakavitosa vyote pamoja. Vilipoiva kila mtu akavuta uzi wake, akala nyama yake, na mchuzi ukagawanywa kwa haki. Kisha nyuzi zikatunzwa kwa mapishi yajayo, kwa kuwa zimekwisha kunywa mafuta. Mwandishi alikusudia tuwacheke. Lakini ni kadhi gani angaliweza kutoa hukumu iliyo safi zaidi? Nimeona kwa macho yangu, katika chumba cha namna hii, mayai yakichemka pamoja na viazi katika sufuria ile ile, kila yai limeandikwa jina la mwenyewe kwa kalamu ya risasi, kwa sababu baba apenda kiini cha maji na mtoto hataki hata kukisikia. Na watu wale wakala wakiwa na amani, kila mtu na yai lake na cheti chake cha umiliki.

Nisije nikadhaniwa kuwa nasifu njaa, yanipasa kutaja chakula ambacho jiko hili hukipika vizuri kuliko jiko lolote la kifahari, nacho ni mseto wa choroko. Choroko huloweshwa asubuhi, kabla mtu hajaenda pwani, katika bakuli la kufulia leso, bakuli lenyewe likiwa limekwisha kusuguliwa sana; adhuhuri huchemshwa hata maganda yapasuke, mchele huoshwa na kutiwa humo humo, pamoja na chumvi na kitunguu kilichobanwa zaidi ya kukatwa, kisha tui. Nazi ikunwe sokoni Darajani kwa mashine, kwa kuwa mbuzi hatuna, na chujio ni kitambaa safi. Mseto ukianza kukauka, zima koili. Hapo ndipo ulipo ubora wake usioandikwa katika karatasi ya kiwandani: kama ilivyokuwa mvivu wa kupata moto, ndivyo ilivyo mvivu wa kuuacha, na moto ule wa baada ya kuzimwa hufanya kazi ambayo mama zetu waliifanya kwa kupalia makaa juu ya mfuniko. Mfuniko haukai sawa, najua. Ubebeshe birika lenye maji. Mseto ule hukauka bila ya kuungua, punje zikashikana na choroko kama ipasavyo, na ukipata samaki wa kuchoma kutoka nje huhitaji kitu kingine.

Samaki namtaja kwa makusudi kuwa wa kutoka nje. Aliyemkaanga changu ndani ya studio hahitaji kuambiwa, na asiyemkaanga ataambiwa na chandarua chake. Kitambaa kile, ambacho kina matundu ya kumzuia mbu, hakina dawa ya kumzuia changu. Huipokea harufu yake usiku wa kwanza na kuitoa kidogo kidogo kila mtu anapojigeuza kitandani. Mabibi wa mji huu hufukiza nguo zao kwa udi na nyumba zao kwa ubani, kwa gharama kubwa na kwa matayarisho. Mpangaji wetu hufukizwa bure, na manukato yake hudumu zaidi. Paka wa uchochoroni, ambao hawana desturi ya kusalimu watu wasiowajua, huanza kumsindikiza.

Fadhila zote hizo, hata hivyo, ni vijakazi tu wa fadhila moja iliyo kubwa, ambayo bibi mwenye nyumba mmoja aliifunua kwa maneno machache aliponikuta nikipigana na mchuzi: "Mwanangu, hilo jiko la chai. Chakula kiko njiani." Naam, jiko la koili moja lilifanywa limtoe mtu nje. Mwenye jiko kamili hujifungia nalo, akapika kule alikokwenda yale yale aliyoyaacha kwao. Lakini yule ambaye sufuria yake imezunguka mara ya tatu huzima koili, akavaa viatu, akashuka. Huko chini hukutana na mkate wa mofa ungali na joto la tanuri, na boflo, na chila, na mtu wa kahawa mwenye dele lake. Hufika Darajani, kwenye soko lililojengwa mwaka 1904, akaona ngisi na pweza na mafungu ya ndimu. Na alasiri hukaa juu ya baraza ya mtu asiyemjua akiwa na bakuli la urojo, ambamo viazi, bhajia, kachori, mishkaki na chipsi za muhogo vimekutanishwa katika supu moja ya ukwaju na embe mbichi, kazi ambayo kwa koili yetu ingalichukua hadi sikukuu ya Idi. Nani basi aliyemjulisha na mji? Kiongozi wa watalii alimwonyesha milango. Jiko lilimwonyesha wapishi.

Kwa sababu hiyo nawasihi wenye nyumba za Shangani, na Malindi, na Kiponda, wasije wakasikiliza malalamiko ya wageni wao wakaleta koili ya pili, wala jiko la gesi, wala hiyo oveni ndogo inayonong'onwa siku hizi. Kisu tu, ikiwa fundi wa kunoa atapita uchochoroni na kengele yake, sitapinga akiitwa.