Barua ya Wazi kwa Ofisi ya Makoloni: Ng'ombe Wetu Mliwahesabu Vizuri

Kwa Waziri wa Makoloni,
Ofisi ya Makoloni,
London.

Mheshimiwa,

MINT: JINA LA BABU WA BABU YANGU

Salamu kutoka Nyamira. Majani chai yamechumwa, mvua ya alasiri imekuja kwa saa yake, na sisi ni wazima. Najua ofisi yako ilifungwa mwaka 1966. Hilo halinizuii. Sisi huku tumezoea kuziandikia ofisi zilizo wazi na kukosa jibu, kwa hiyo iliyofungwa haitushtui. Angalau yenyewe ina kisingizio.

Kisa ni mwana wa ndugu yangu aliyeko Minnesota, ambako Abagusii wenzetu sasa ni wengi hivi kwamba mchango wa mazishi hujaza ukumbi. Mwenzake kazini, Mmarekani, alimwonyesha kwenye simu karatasi ya sensa ya mwaka 1880. Babu wa babu yake yumo: jina, umri, kazi, hata kama alijua kusoma. Wamarekani hufungua karatasi hizo baada ya miaka 72, na za 1950 zilifunguliwa Aprili 2022. Nyinyi husubiri miaka 100; za kwenu za 1921 zilitoka Januari mwaka huo huo. Kijana akanipigia saa tisa usiku.

"Baba mdogo, nitumie ya kwetu ya 1880."

Nikamwambia mwaka 1880 hatukuwa na karani.

"Basi ya 1911. Waingereza walikuwa wamefika, au siyo?"

Mlikuwa mmefika, Mheshimiwa, na ndipo nilipoona haya kwa niaba yako. Mwaka 1911 mlifanya sensa, mkarudia 1921, 1926 na 1931. Mlimhesabu Mzungu, Mhindi, Mgoa na Mwarabu. Mwenye duka aliyewasili juzi kutoka Gujarat kuuza chumvi na shuka aliandikwa. Mwenye ardhi ambayo duka lilisimama juu yake alikadiriwa. Mlichukua idadi ya nyumba zinazolipa kodi, mkaizidisha kwa idadi ya watu mliodhani wanaenea katika nyumba moja, na jibu mkaliita Wakisii. Njia hiyo ilikuwa na dosari moja tu: wake wenza waligundua mapema kwamba kila nyumba inalipiwa, wakajifunza kubanana chini ya paa moja msimu wa kodi. Ukoo mzima ukapungua bila mtu kufa.

Hata hivyo sitakunyima sifa. Kuhesabu mlijua. Mwanzoni mwa 1908 Otenyo Nyamaterere, akitiwa moyo na nabii Moraa Ngiti, alimchoma mkuki Bwana Northcote, mkuu wenu wa wilaya, na jeshi likaja kutuadhibu. Gavana Hayes Sadler akapeleka taarifa kwa simu ya maandishi, yenye hesabu hadi Februari 1: ng'ombe 5,636 waliotekwa, kondoo na mbuzi 3,281, na Wakisii 100 waliouawa.

Nimeisoma hesabu hiyo mara nyingi. Ng'ombe wa mwisho, yule wa sita baada ya thelathini, alionekana, akanyoshewa kidole, akaandikwa. Mbuzi yule mmoja baada ya themanini naye hakusahauliwa. Halafu watu: mia. Mia kamili, kama viazi vya gunia. Hakuna wa mia na moja aliyejikokota hadi migombani akafia huko. Hata Churchill, wakati huo naibu katika ofisi yako, aliuliza kama kweli kulikuwa na haja ya kuendelea kuua watu wasio na kinga kwa wingi ule. Hakuuliza majina, lakini tusimlaumu. Hakuna aliyekuwa nayo.

Bwana Northcote alipona. Aliendelea hadi akawa Gavana wa Hong Kong kuanzia 1937, na chuo cha ualimu kikapewa jina lake huko. Mjukuu wake akitaka kumjua hahitaji kuamka saa tisa usiku. Otenyo aliuawa, na huku Gusii tunasimuliwa kwamba kichwa chake kilisafirishwa hadi kwenu. Wazee wamekidai kwa miaka mingi. Ni kumbukumbu ya pekee ya ukoo wetu ambayo inasemekana mliihifadhi kwa uangalifu.

Nirudi kwa babu yangu mwenyewe. Alipofariki tulikuta kopo la kakao lililoning'inizwa darini juu ya meko, jeusi kwa moshi. Ndani mna risiti za kodi, zimekunjwa mara nne nne na kufungwa kwa kamba ya mgomba. Nilizitandaza mezani kwa mpangilio wa miaka. Mwaka wa kwanza jina lake limeandikwa sawa. Wa pili limepoteza herufi O ya mwanzo. Wa tatu karani mpya, mtu wa kutoka mbali, ameitoa R iliyo katikati akaweka L. Ekegusii haina L, Mheshimiwa. Babu alilipa kodi miaka minne mfululizo kwa jina ambalo asingeweza kulitamka, na risiti zote ni halali, zina mhuri. Kipande chake, kile cha kuvaliwa shingoni ndani ya kibati chini ya sheria yenu ya 1915, hakikuwemo. Nyanya, mke wake, anasema babu alikizika mwenyewe nyuma ya zizi siku alipoambiwa havivaliwi tena. Nyinyi mlikwenda, neno likabaki: mpaka leo kitambulisho tunakiita kipande.

Kisha, Agosti 1948, hatimaye, mkatuhesabu. Sensa ya kwanza ya Waafrika wa Kenya nzima! Nyanya alikuwa ameolewa muda mfupi uliopita na anamkumbuka karani: viatu vilivyojaa matope, daftari, penseli nyuma ya sikio. Aliuliza nyumba ile ina wanawake wazima wangapi. Hakuuliza anaitwa nani. Nyanya, ambaye kwa desturi hakuruhusiwa hata kuhesabu vifaranga wake kwa sauti, alijibu lile jibu analolitoa hadi leo ukimuuliza ana wajukuu wangapi: "Wapo." Karani akachora kijistari. Vijistari hivyo vilijumlishwa vikawa Kenya ya watu zaidi ya milioni 5, na Nyamira yetu ikamezwa ndani ya wilaya ambayo kwa miaka mingi mliiita South Kavirondo, jina ambalo sijapata kukutana na Mgusii aliyelijibu akiitwa.

Kinachonichekesha ni kwamba wakati huo huo serikali yenu ilikuwa na mtaalamu wa mila hapa hapa Gusii, Philip Mayer, akienda boma kwa boma akiuliza nani kazaliwa na nani. Mwaka 1949 alichapisha andiko zima kuhusu jinsi jamii yetu ilivyosimama juu ya koo. Mmoja anatembea kijijini akiandika koo bila kuhesabu watu. Mwingine anahesabu watu bila kuandika koo. Wangeonana hata mara moja kwenye soko la Bosongo, wakanunua ndizi pamoja, leo kijana wa Minnesota angekuwa amelala.

Au pengine wasingetusaidia. Nilimpelekea nyanya kalamu na karatasi kubwa tuchore mti wa ukoo. Juu kabisa nikaandika jina la babu wa babu. Akaniuliza, "Yupi?" Maana kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia, na jina hilo limezunguka mpaka lina watu watano, wawili wakiwa hai na mmoja akiwa darasa la pili. Ukishajua jina hujajua kitu. Uliza nyumba ya mama yupi. Karatasi zenu zilitafuta kichwa cha nyumba. Mwenye wake watatu ana nyumba tatu na kichwa kimoja, na ni mtoza kodi peke yake aliyewahi kuielewa hesabu hiyo.

Nyanya akasukuma karatasi kando akaanza na ng'ombe. Dada ya babu aliolewa Bomachoge; ng'ombe waliotoka huko, mmoja mwenye baka jeupe begani, ndio waliomleta yeye nyanya hapa. Ng'ombe waliomwoa mama mkwe wake walitoka kwa shangazi aliyeolewa Nyaribari. Waliomwoa mama wa huyo shangazi walitoka Mugirango. Alirudi nyuma kwato kwa kwato, bila kukosea nyumba wala mama, kizazi baada ya kizazi, huku akichambua mboga za managu. Alipofika kwa baba wa baba mkwe wake alinyamaza. Ng'ombe wake wa mahari walikuwa tayari zizini, akasema, wakachukuliwa na Wazungu. Mchumba akasubiri, akachoka, akaolewa kwingine. Yule mke aliyekuja baadaye ndiye aliyetuzaa sisi.

Kwa hiyo nakubali, Mheshimiwa, nilikukosea. Sensa yetu mnayo. Mliifanya Januari 1908, mkaiswaga na kuipeleka kwa askari, na mkaihesabu hadi ng'ombe wa mwisho. Wale 5,636 walikuwa ndoa: zilizofungwa, zilizokuwa zinafungwa, na zile ambazo hazikufungwa kamwe. Kama kati ya masanduku yenu kuna daftari lililoandika rangi zao, mabaka yao, pembe zao na zizi walilotolewa, naomba nakala. Nyanya hajui kusoma, lakini nitamsomea, naye ataniambia kila mmoja alikuwa anakwenda kumwoa nani.

Harakisha kidogo. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa Januari 1, kama wazee wote wa kijiji hiki, lakini mwaka ni wa kukisia, na yeye anasema waliukisia chini.

Sensa ya mwisho ilifanywa usiku wa Agosti 24, 2019. Kaunti ya Kisii ilipata watu 1,266,860, na Nyamira 605,576. Karani alikuja na kishikwambi, akaketi, akauliza jina la kila mtu nyumbani. Nyanya alimfanya alirudie lake mara mbili kabla ya kumkubalia kuandika.

Jibu lako litanifikia kupitia sanduku la posta la shule ya msingi iliyo karibu nasi. Tafadhali jina la babu liandikwe kwa R.

Wako mtiifu kwa kukadiriwa,

Mjukuu wa kijistari,
Nyamira.