Hii ya Watoto Tu

Kiswahili hakijawahi kuishiwa majina ya pesa inayopita chini ya meza. Tuna rushwa na hongo za kwenye mabango, tuna mlungula wa magazetini, tuna chauchau na kadhongo za vijiweni. Mwenye haraka ataomba chai, mstaarabu ataomba soda, na tangu zije simu za mkononi wapo wanaoomba vocha. Majirani zetu Wakenya wana kitu kidogo, na wamekizoea hadi wakakipa kifupisho: TKK, toa kitu kidogo. Mtu akikosa neno la kufunikia aibu yake katika lugha hii, basi hakutafuta.

Ila kuna kitu kimoja kinachokuja mlangoni kwangu ambacho hakina jina. Hakiji na ombi, wala hakiji kwa kificho. Kinakuja jioni, majirani wote wakiwa barazani, kimebebwa na mtu mzima aliyevaa kofia yake safi, na kauli yake ni ile ile siku zote: "Nilikuwa napita tu. Hii ya watoto."

Nieleze kwanza kazi yangu, maana ndiyo chanzo cha yote. Niko masijala ya halmashauri moja, ambayo sitaitaja kwa sababu ndiyo inayonilipa. Masijala ndiko yanakokaa majalada. Afisa akihitaji jalada namtafutia, naandika kwenye rejesta nani kalichukua, akilirudisha nalipanga mahali pake. Basi. Siwezi kumpa mtu kiwanja, wala leseni, wala ajira. Hata feni ya mle ndani ikizima naandika dokezo na kusubiri kama mwananchi mwingine yeyote. Lakini mlango wa masijala unatazamana na mlango wa idara ya ardhi. Siku moja nilipeleka jalada huko, nikatoka nikiwa nimeshika kalamu, mtu wa mtaani kwetu akaniona. Jioni ile ile habari ikawa imeenea: "Yule bwana yuko ardhi."

Tangu hapo watoto wangu wamekula nchi hii mkoa kwa mkoa. Mananasi ya Kiwangwa, machungwa ya Muheza, mchele wa Kyela, asali ya Tabora ndani ya chupa iliyoanza maisha yake kwenye pombe kali. Kitinda mimba wetu, ukimuuliza Kyela iko wapi, anakujibu: "Jikoni."

Na nimejifunza dalili. Zawadi ya kwanza ikija, wewe bado ni baba fulani. Ya pili unakuwa "kaka". Ya tatu unakuwa "kiongozi", mtu anakusimamia na kuvua kofia. Siku utakayoitwa "mheshimiwa", usiondoke nyumbani, maana ombi limeshapanda bodaboda.

Mzee mmoja wa mtaa wa pili aliruka hatua zote hizo. Alikuja Jumamosi na jogoo mwekundu, mkubwa, miguu imefungwa kwa kamba ya katani, macho makali kuliko ya mhasibu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nilikuwa napita tu."

Kabla sijafungua mdomo mama watoto alikuwa ameshampokea jogoo kwa mikono miwili na kumwombea mzee baraka. Mzee alipoondoka nikamvuta mwenzangu pembeni nikamweleza msimamo wangu: huyu jogoo tumfuge kwanza. Tumpe pumba, tumpe maji, asichinjwe mpaka nijue kaja kwa lipi. Jogoo aliye hai unaweza kumrudisha. Mama watoto akaniangalia kama anavyoangalia bili ya umeme, akasema: "Baba Asha, mkono mtupu haulambwi. Mzee wa watu kafuata mila. Wewe unataka tumhoji kuku?"

Akamwunga kwa nazi.

Jumapili mchana tumekaa mkekani, paja liko mkononi mwangu, nimeshalifikisha karibu kabisa na mdomo, nikasikia: "Hodi hapa!" Ni yule mzee. Kwetu mtu akikukuta unakula humwambii arudi baadaye. Akakaribishwa, akanawa, akakunja mguu, akajitengea kidari. Akala vizuri. Akasifu nazi, akasifu mpishi, akamsifu na jogoo mwenyewe, kwamba alikuwa na mbio sana alipokuwa hai. Halafu akafuta mdomo, akakohoa kidogo.

"Sasa mwanangu, lile jalada langu la kiwanja…"

Paja likabaki hewani. Nikisema siwezi kumsaidia, jogoo yumo tumboni na mchuzi umekauka. Nikisema nitaliangalia, nimekula hongo mbele ya watoto. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamshika anayepokea, inamshika anayetoa, inamshika hata anayeahidi tu. Lakini huyu wangu katoa, kisha kakaribishwa, kisha kala kidari cha kile kile alichotoa. Sijui TAKUKURU wangeanza na nani pale mkekani. Nadhani wangenawa kwanza.

Jumatatu nikafungua rejesta. Hati ya mzee ilikuwa imeshasainiwa wiki kadhaa nyuma, jogoo akiwa bado anawika bandani kwake. Ilikuwa dirishani inamsubiri. Nikampelekea habari, na nikamweleza kwa kituo: mzee wangu, hati hii ilikuwa tayari, mimi sikufanya chochote, jogoo hakufanya chochote. Mzee akanikonyeza. Akasema, "Nimekuelewa mwanangu," kwa sauti ya mtu ambaye hakuelewa hata neno moja, akaenda moja kwa moja kijiweni kutangaza kwamba jogoo mmoja tu, siku mbili, hati mkononi.

Baada ya hapo tulikula kuku mpaka watoto wakaomba maharage.

Sasa hiki kitu tukiiteje? Wazo la kwanza ni zawadi, lakini wahenga walisema tenda wema nenda zako, na watoaji wangu tatizo lao ni hilo: hawaendi zao. Huwa wanazunguka, wanapita tena, wanauliza kama watoto walikipenda.

Hongo nayo naionea huruma, maana zamani ilikuwa kitu cha wazi. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilifika Ugogo ikalipa hongo kwa watemi ili ipewe njia na maji. Stanley alipopita huko mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, naye alilipa. Zilihesabiwa doti za merikani na kaniki, watu wakabishana kutwa nzima juani, na ikishalipwa msafara unapita. Kila mmoja alijua kalipa nini na kapata nini. Ile ilikuwa karibu na ushuru kuliko hiki cha kwangu, ambapo msafara haujanunua hata punda lakini nguo zimeshafika.

Kuna waliotaka kukipa jina la heshima. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ilirekebishwa, ikaruhusu mgombea awakirimu wapigakura kwa nia njema, na kitu hicho kikaitwa takrima. Pilau ikapata kinga ya kisheria. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake wakaenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu vile kwa kuwa vinapingana na Katiba: mgombea mwenye sufuria kubwa alikuwa anamzidi asiye na sufuria. Hukumu nzuri. Lakini neno lilikuwa tamu, na mpaka leo mtu akikuletea mchele usioeleweka utasikia mtu akisema, "Hii takrima tu."

Mchele huo, kwa kweli, nilikutana nao. Kijana mmoja alishusha gunia la mchele wa Kyela nyumbani nisipokuwepo, akarudi siku nyingi baadaye uso umembadilika: alikuwa ameelekezwa kwa afisa fulani, akakosea nyumba. Alikuwa analitaka gunia lake. Sisi tumeshafika katikati. Nikaenda dukani nikajazia pengo kwa mchele nilioumudu. Akafungua gunia, akachota kiganja, akanusa juu, akanusa chini. "Mzee," akaniambia kwa upole, "hapa chini ndiyo Kyela. Huku juu sijui ni wapi."

Wengine wananiambia ni kama mchango wa harusi tu, leo kwangu kesho kwako. Hapana. Mchango una kadi, una kamati, una mweka hazina anayekupigia simu saa mbili usiku. Ukichangia unaandikwa, na siku ya mwanao daftari linafunguliwa. Hiki changu hakina daftari, ndiyo maana hakina mwisho. Hata ule ushauri wa penye udhia penyeza rupia haukifikii, kwa sababu hapa rupia inapenyezwa udhia wenyewe ukiwa bado haujazaliwa.

Nimepima yote, na nimeona jina linalokikaa sawasawa ni kishika uchumba. Upande wa bwana harusi wanatoa kitu kidogo, si mahari, si siku ya ndoa, si chochote ila alama kwamba binti huyu ameshaonekana na wengine wasimsogelee. Ndicho hasa wanachonifanyia. Tofauti ni kwamba binti huwa anajua kaposwa na nani. Mimi nimeposwa na mtaa mzima, na wachumba wangu wengine bado hawajasema wanataka nini. Kuna mama mmoja wa bagia ananiongezea mbili kila asubuhi, na hali hiyo inaninyima usingizi kuliko gunia la Kyela.

Kwa hiyo naomba tuelewane, wewe unayesoma hapa ukiwa na jalada kwenye halmashauri yoyote. Kumuuliza karani wa masijala jalada lako limefika wapi hakuna malipo. Njoo asubuhi, saa moja na nusu tumeshafungua, uje na namba ya jalada na kitambulisho chako. Nitakufungulia rejesta na kukwambia liko kwa nani na tangu lini, na hapo ndipo uwezo wangu unapokoma. Ukiona vibaya kuja mikono mitupu, njoo na kalamu, maana za pale dirishani hupotea. Kuku mleni wenyewe.