Somo wa Sparkhill na Shoga Waliomo Simuni

Barua ya kwanza mwezi huu imetoka kwa mama anayejiita Macho Mekundu, wa Small Heath. Kazi yake ni kuhudumia wazee, zamu ya usiku. Shoga zake wa utotoni wametawanyika: mmoja Muscat, mmoja Minneapolis, wawili wamebaki Mombasa. Kila linalompata, tangu mgongo hadi maneno ya msimamizi, huwamwagia wao kwenye kundi lao la WhatsApp, nao humliwaza. Sasa mama yake mzazi kasikia, na amenuna. Iweje wa Minneapolis ajue mgongo unauma kabla ya aliyemzaa? Macho Mekundu anauliza kama amekosea.

Somo ameisoma barua hii mara moja, maana Somo hasomi barua mara mbili. Lakini kabla ya jibu, ni haki wasomaji wapya waambiwe wanajibiwa na nani. Huyu ndiye aliyewafunda mabibi harusi wa kulia na wa kushoto mwa Stratford Road, na wote, isipokuwa wale walioachika, wamo kwenye ndoa zao hadi leo. Maktaba kuu ya Birmingham, ile iliyofunguliwa na Malala Yousafzai mwaka 2013, ina vitabu ghorofa juu ya ghorofa, lakini jioni ikifika hufunga milango. Mlango wa Somo haufungwi, ila wakati wa tamthilia ya Kituruki.

Haya, mgongo. Somo amepiga hesabu ya saa, tena bila karatasi. Majira ya baridi Mombasa iko mbele ya Birmingham kwa saa 3, Muscat kwa saa 4, na Minneapolis iko nyuma kwa saa 6. Mgongo wa Macho Mekundu huanza kuuma saa sita ya usiku, akishamgeuza mzee wa tatu kitandani. Wakati huo Mombasa ni saa tisa ya usiku, mama yuko kwenye usingizi wa pili. Minneapolis ni saa kumi na mbili jioni, na shoga yake wa huko ndiyo kwanza anakaanga vitunguu. Basi anayejua mwanzo ni aliye macho. Mama asimnunie binti, alinunie jua.

Na hili la kumweleza ya moyoni mtu asiyeonekana, wengi wanadhani limeletwa na Wamarekani mwaka 2009, Jan Koum na Brian Acton walipoianzisha WhatsApp. Somo hacheki ovyo, lakini hapo amecheka. Jambo hili ni la Birmingham. Mjini hapa, karne ya 19, viwanda vya akina Joseph Gillott na Josiah Mason vilitoa nibu za chuma kwa mamilioni, zikauzwa dunia nzima; jumba la makumbusho la kalamu liko Frederick Street, mtaa wa Jewellery Quarter, hadi leo, na asiyeamini aende akatiwe wino vidoleni. Rowland Hill naye, aliyeigeuza posta ya Uingereza, alikuwa mwalimu hapa hapa, Edgbaston, kwenye shule ya baba yake iliyoitwa Hazelwood. Kabla yake, kwa kawaida aliyelipia barua alikuwa mpokeaji, na bei ilipanda kwa umbali na kwa idadi ya karatasi. Watu wakawa wanajaza ukurasa, kisha wanaugeuza ubavu na kuandika mistari mingine juu ya ile ya mwanzo, ili shida 2 zienee kwenye karatasi 1. Mwaka 1840 barua ikaanza kwenda popote nchini kwa peni moja. Nibu za Birmingham, stempu ya mtu wa Birmingham. Kilichokuwa kimebaki ni chaja tu.

Mwenye shaka aende Centenary Square akaitazame ile sanamu iliyopakwa dhahabu ya Matthew Boulton, James Watt na William Murdoch, wameshika mchoro wa injini. Wenyeji wanawaita Wauza Mazulia. Watt, ambaye watoto wanafundishwa habari zake kama bwana wa mvuke, alikuwa mlalamishi wa daraja la kwanza. Alipokaa Cornwall kufunga injini kwenye migodi, barua zake kwa Boulton, mshirika wake, zilijaa kichwa kinachouma, watu wa migodini waliomchosha, na moyo uliokufa. Boulton hakumwandikia pole akaishia hapo. Alimpa moyo, akahangaika na wadai, akamrudisha kazini. Ndiyo kazi anayoifanya shoga wa Minneapolis, ukiondoa injini.

Boulton alikuwa na kundi pia, Lunar Society, waliokutana nyakati za mwezi mpevu ili wakati wa kurudi nyumbani waione njia. Alikuwemo Erasmus Darwin, daktari, na Joseph Priestley, mwanakemia, na Josiah Wedgwood wa vyombo vya udongo. Wedgwood alikuwa na mguu mbovu. Darwin alimshauri ukatwe, ukakatwa mwaka 1768 bila ganzi, na urafiki haukukatika. Somo hajapata kumpa mtu ushauri wa namna hiyo, ingawa yuko bwana mmoja wa Balsall Heath aliyekaribia. Priestley naye alipochomewa nyumba na maabara yake katika ghasia za Julai 1791, marafiki walimchangia. Kwa hiyo hata mchango wa kundini, ule unaomfanya mtu azime simu siku tatu, una ukoo mrefu mjini hapa.

Wote hao wangeenea kwenye ghorofa ya chini ya basi namba 11 na viti vikabaki. Hapo ndipo penye siri, na Somo aliijua kabla ya Robin Dunbar, mwanaanthropolojia wa Uingereza, aliyepiga hesabu miaka ya 1990 kwamba kichwa cha binadamu humudu watu wapatao 150, lakini wale wa kukimbilia usiku wa manane ni 5 hivi. WhatsApp inaruhusu watu 1,024 kwenye kundi moja. Huo ni mkutano wa hadhara, mtu hapeleki mgongo huko. Macho Mekundu na shoga zake ni 5 kamili. Hawakumuuliza Somo walipojipanga, lakini sifa ni za Somo.

Hata hivyo yapo ya kukemea. Mwaka 2002 Amanda Rose wa Chuo Kikuu cha Missouri alichapisha utafiti juu ya watoto wa shule wanaolichambua jambo lile lile na rafiki, leo, kesho na keshokutwa. Urafiki wao ulikuwa wa karibu zaidi. Huzuni na wasiwasi wao pia ulikuwa mwingi zaidi. Vyote vilikwenda pamoja, na ndiyo maana mtu haoni kama anaumia. Msimamizi wa Macho Mekundu amejadiliwa kundini tangu Ramadhani, na bado ni msimamizi. Achambuliwe siku moja, kwa kina, kwa haki, hadi viatu vyake. Kisha aachwe.

Dawa ipo. Mwaka 1986 James Pennebaker na mwenzake waliwapa wanafunzi wa chuo dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, waandike yaliyowaumiza kuliko yote, na miezi iliyofuata walioandika hisia na matukio pamoja walikwenda kliniki mara chache kuliko wenzao. Dawa nzuri, lakini haina chumvi. Somo ameiboresha. Macho Mekundu atafute nibu ya chuma, aandike dakika zake 15, halafu akate vitunguu 6 na avikaange hadi viwe rangi ya pilau. Vikishaiva na hasira ingali ipo, ajirekodi, lakini asizidishe dakika moja, kwa sababu tangu 2021 WhatsApp inamruhusu msikilizaji kuongeza kasi mara mbili. Kilio cha dakika 6 kinakwisha kwa 3, na aliyelia hana habari. Kama hasira imekwisha, pilau iletwe Sparkhill ingali moto. Somo hapendi mifupa.

Ama mama mzazi. Macho Mekundu humtumia fedha kila mwisho wa mwezi, na fedha hizo zikiingia kwenye M-Pesa huingia pamoja na Uingereza isiyo na mgongo. Mama akisikia mgongo unauma, ataona haya kupokea, kaka atatoa amri mtu arudi, na jirani atapata la kusema. Shoga hatumiwi kitu wala hatumi kitu, ndiyo maana ukweli mzima anaweza kuuchukua. Wazoa taka wa mji huu walipoingia kwenye mgomo kamili Machi 2025, mifuko myeusi ikapanda vilima kando ya njia, picha ya mifuko ilikwenda Muscat, na picha ya maua ya Cannon Hill Park ilikwenda kwa mama. Hakuna mhamiaji hapa asiye na albamu 2. Somo haoni kuwa ni uongo, na atakayebishana naye alete hoja kwa maandishi. Kilichomuuma mama ni kujua kwamba albamu ya pili ipo na wengine wameifungua.

Kwa hiyo apewe kurasa zake, kidogo kidogo. Asianzishiwe na mgongo. Aanze na mafua, mwezi ujao basi lililochelewa kwenye baridi, na kufikia Idi mgongo utapita bila kishindo. Shoga nao wahamishiwe maua machache. Na usiku ambao kundi zima halitoshi, nchini humu wako watu wanaokaa kando ya simu tangu 1953, pale padri Chad Varah alipoanzisha Samaritans jijini London. Namba ni 116 123, haikati salio, inapokewa usiku na mchana, na hakuna kati yao anayemjua mama yake. Somo amewaruhusu waendelee na kazi.

Kijana wa Erdington, Mwenye Leseni, yeye analia kinyume. Alipofaulu mtihani wa udereva aliliambia kundi, akapata vidole gumba viwili. Gari lilipomzimikia karibu na Spaghetti Junction, pole zilimiminika hadi simu ikachemka. Anauliza kama hao ni marafiki au ni waombolezaji.

Swali zuri, linakaribia yale ya Somo. Shelly Gable na wenzake mwaka 2006 walitoa utafiti juu ya wapenzi waliorekodiwa wakielezana habari mbaya na habari njema. Namna mtu alivyoipokea habari njema ya mwenzake ilieleza zaidi hali ya uhusiano wao kuliko alivyoipokea mbaya. Kinachotakiwa si kidole gumba. Ni maswali: mtahini alikuwa mkali? Uliegesha kwa kurudi nyuma? Nani ulimpigia kwanza? Pole haihitaji swali hata moja, ndiyo maana inaandikwa na kila mtu, hata aliyeko msalani.

Mfano upo, na Somo alikuwepo. Michezo ya Jumuiya ya Madola ilifanyika hapa mwaka 2022. Katika marathoni ya wanaume Victor Kiplangat wa Uganda alichukua dhahabu, Alphonce Simbu wa Tanzania fedha, Michael Githae wa Kenya shaba. Siku chache baadaye Ferdinand Omanyala wa Kenya akashinda mita 100 kwa sekunde 10.02 pale Alexander Stadium. Somo alisimama kando ya njia na kanga kiunoni akampigia Simbu vigelegele ambavyo, kwa maoni yake, vilichelewa kumfikia; vilimpata Tokyo mwaka 2025, alipoipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa riadha. Makundi ya simu siku ile ya Birmingham hayakuwa na pole hata moja. Kila mtu aliuliza ulikuwa wapi, uliona nini, nani alikuwa nyuma ya nani. Watu wanajua kufurahi. Wamezoea tu kudhani aliyepata hahitaji mtu.

Mwenye Leseni basi asiipeleke habari njema kundini kwanza. Aipeleke kwa mmoja, yule mdadisi, aliyeko kila ukoo, na huyo ndiye aitangaze. Mwezi mzima naye awe wa kwanza kuuliza maswali 3 kwa kila mwenye furaha. Ikishindikana, Somo atamtumia vigelegele vyake vilivyorekodiwa, avicheze mwenyewe garini, madirisha yakiwa yamefungwa.

Ya mwisho, haraka, maana tamthilia inaanza. Dada wa Handsworth alimweleza siri rafiki wa kundini, naye akapiga skrinishoti na kuitupa kwenye kundi la ukoo. Kugawa cha wenyewe nako kuna ukoo mjini hapa. Joseph Chamberlain, meya wa mji huu kati ya 1873 na 1876, baadaye waziri wa makoloni, alifika Mombasa Desemba 1902, akapanda reli hadi bara, akazitamani nyanda. Mwaka uliofuata serikali yake ikamtajia Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, ardhi ya kuwaweka Wayahudi, na iliyopendekezwa ikawa Uasin Gishu, wenyewe hawakuulizwa. Chuo Kikuu cha Birmingham kina mnara wa saa unaoitwa Old Joe kwa ajili yake. Ardhi ile na siri hii vimegawiwa na mkono wa aina moja, ila huyu wa skrinishoti asijengewe mnara. Atolewe kundini leo kabla ya magharibi. Na kwa kuwa barua inasema admin ni yeye mwenyewe, waliobaki wafungue kundi jipya, wasilipe jina la zamani, na wamwingize Somo.