Una Mzigo?

Sisi watu wa mikoani tukisema "nina ndugu Dar," huwa hatuulizani Dar ipi. Baba yangu mdogo amekuwa wa Dar tangu nikiwa shule ya msingi, na kila akipiga simu huanza kulalamikia joto la jiji na foleni. Ilipotangazwa sendofu ya binamu yangu, Magomeni, ndipo nikaelezwa vizuri: baba mdogo anakaa Kibaha, Maili Moja, ambako kwa serikali ni mkoa wa Pwani. Basi la kutoka Iringa lingepita mlangoni kwake kabla halijaiona Dar es Salaam. "Wewe shuka hapo hapo," akasema, "Magomeni si hapo tu!" Sendofu zetu humalizika usiku wa manane. Hapo tu pangenigharimu mshahara.

Kwa shangazi, mwenye shughuli, kulikuwa na upendo mwingi na godoro pungufu. Wageni wa Tanga walikuwa wamewahi vyumba, wa Moshi wakatwaa sebule, nami nilitengewa kulala mzungu wa nne na kijana nisiyemfahamu, ambaye hata kwenye simu nilimsikia akikoroma. Sasa, kwa mila zetu, kulala gesti ilhali una ndugu mjini ni kumtukana huyo ndugu mbele ya ukoo. Ikabidi nimwambie shangazi nina "mambo ya kufuatilia mjini." Hakuuliza mambo gani. Mambo ya kufuatilia mjini yanaheshimika nchi hii kuliko ugonjwa.

Mwalimu mwenzangu, aliyewahi kuhudhuria semina moja, alisema nilale Posta: kimya, upepo wa bahari, taulo nyeupe. Ni kweli Posta wamezoea kupokea watu wa heshima. Wajerumani walijenga hoteli ya Kaiserhof pale mwaka 1906, mahali ambapo leo pana New Africa. Hoteli ya Kilimanjaro ikafunguliwa 1965. Nikauliza bei. Usiku mmoja wa Posta ungenilaza Kariakoo wiki nzima na chai juu. Taulo nyeupe nikaziombea heri.

Kariakoo, kwa upande wake, haijawahi kujengewa wageni wa heshima. Wakoloni walipougawa mji, Mzungu alipewa baharini, Mhindi katikati, Mwafrika Kariakoo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi ili watu wasisogeleane kupita kiasi. Waliosukumiwa huko wakagundua biashara ya vyumba: nyumba ya Kiswahili ina korido katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, mwenye nyumba anakaa kimoja, vilivyobaki anapangisha. Nyumba hizo sasa nyingi zimemezwa na maghorofa, lakini korido haikufa. Imepandishwa juu tu. Gesti niliyoelekezwa, mitaa michache kutoka sokoni, ilikuwa korido ya nyumba ya Kiswahili iliyokwenda kukaa ghorofa ya nne, bila lifti.

Nilishuka kwenye mwendokasi kituo cha Msimbazi na begi moja la mgongoni na suti kwenye mfuko wake. Kumuuliza mtu njia Kariakoo ni kazi bure. Kila unayemuuliza anakuelekeza dukani kwake. Mmoja alinishika mkono kwa huruma kabisa, akanivusha barabara, akaniingiza kwenye duka la mapazia.

Mhudumu wa gesti alikuwa nyuma ya nondo. Hakuuliza jina.

"Karibu kaka. Una mzigo?"

"Sina."

"Unaenda kuuchukua?"

"Hapana, dada. Nataka kulala tu."

Alinitazama kuanzia viatu. Akanisogezea kitabu cha wageni: jina, kabila, kazi, utokako, uendako. Niliandika kila kitu kwa mwandiko wa ubaoni, na penye uendako nikaweka Magomeni. Akakirudisha. Mtu halali Kariakoo halafu akaenda Magomeni, alisema. Hapo ni pua na mdomo, na polisi wakikagua wataona kuna jambo. Nilichungulia majirani zangu kwenye ukurasa: Lubumbashi, Lusaka, Moroni, Songea, Lubumbashi tena. "Andika Songea," akanishauri. Nikaandika Songea. Mimi wa Iringa, nimefika Dar es Salaam, naelekea Songea.

Nilikuja kuelewa kuwa swali lake halikuwa la mzaha. Kariakoo nzima inauza na kununua, na wafanyabiashara wa Kongo, Zambia na Comoro hawaji kulala. Wanakuja kusubiri mzigo ukamilike. Chumba ni stoo ambayo kwa bahati nzuri ina kitanda, na mtu aliyemo ndiye mlinzi. Ndiyo maana changu hakikuwa na dirisha la maana (lililokuwepo lilifungukia koridoni), ila mlango ulikuwa wa chuma na kufuli ya kutosha benki. Ukutani: USIPIGE PASI CHUMBANI. Chini ya kitanda, kandambili zilizokatwa ncha ili zisitamanike na mwizi.

Usingizi sitausimulia kwa kuwa sikukutana nao. Kuna muuza soksi aliyerekodi sauti yake kwenye spika, "jero jero jero," akaiacha izunguke yeye mwenyewe akila chipsi. Usiku spika ilinyamaza, lakini kichwani mwangu jero ziliendelea. Baadaye yakaja malori, makuli wakipiga kelele za "pisha mzigo!", kisha adhana kutoka kila upande, na kabla haijaisha vizuri maguta yalishaamka.

Asubuhi nilifungua mlango nikakuta ukuta wa marobota. Jirani wa Lubumbashi alikuwa amepanga vitenge koridoni hadi juu. Nikaita. Sauti ikajibu kutoka upande wa pili, kwa upole mkubwa: "Pole yaya, kamio haiyafika." Nilipitishiwa chai na chapati kwenye upenyo wa juu, kati ya robota na dari, kwa mkono ambao mwenyewe wake sijawahi kumwona.

Humo ndani ndimo simu zilimonikuta. Habari kwamba nimelala Kariakoo ilikuwa imeshafika Iringa. Mama mkubwa: "Mwanangu, kwa kuwa uko hapo hapo Kariakoo..." Alitaka sufuria, seti nzima, zile nzito zenye mifuniko. Jirani yetu alitaka pazia. Mwalimu mkuu alitaka mipira miwili, akanitumia hela ya mmoja, "huo mwingine utamalizia." Ukilala Posta hakuna anayekuagiza bahari. Ukilala Kariakoo wewe ni tawi la ukoo.

Kamio, yaani lori, lilifika mchana. Nilitoka, nikazunguka Mtaa wa Kongo hadi Sikukuu nikigongwa na mikokoteni, nikarudi na sufuria zilizofungwa kwa kamba, roli la pazia na mipira. Mhudumu alisimama kunipokea, kwa mara ya kwanza akitabasamu. "Kumbe! Si ungesema tu?" Akanihamishia chumba chenye dirisha la barabarani, bei ile ile, saa chache kabla ya kuondoka. Kwenye kitabu akakata "mwalimu," akaandika "mfanyabiashara."

Sikuthubutu kuviacha vitu vile na kufuli mpya nisiyoijua. Jioni nilivaa suti, isiyopigwa pasi kwa kuheshimu ukuta, nikapanda guta pamoja na mzigo wangu hadi Magomeni. Ukumbini walikuwa wamefikia zawadi. Emsii aliniona mlangoni na sufuria kifuani, akapiga kelele, "Iringaaa! Ndugu zetu wa Iringa wameingia!" Muziki ukafunguliwa, vigelegele vikapanda, akina mama wakanipokea kwa kucheza, na sufuria zikanitoka mikononi moja baada ya moja, zikapita juu ya vichwa vya watu hadi mezani kwa bibi harusi. Shangazi alilia kwa furaha. Pazia niliwahi kulikalia.

Mama mkubwa bado anapiga simu kuuliza sufuria zake. Namwambia ziko Kariakoo, tunasubiri kamio.