Kikombe Kimoja cha Kiingereza: Barua ya Wazi kwa Seneti za Vyuo Vikuu

Kwa Seneti za Vyuo Vikuu vya Tanzania,

YAH: PONGEZI

Waheshimiwa Wajumbe, tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu.

Kijana wa shule ya serikali anasoma miaka 7 kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, biolojia, jiografia na hesabu zinageuka Kiingereza. Anakariri hadi kidato cha sita, anafaulu, anafika kwenu akiwa hawezi kuandika aya moja iliyotoka kichwani mwake. Nanyi hamhangaiki. Mnampa kozi moja ya stadi za mawasiliano, semesta moja, katika ukumbi wenye mamia ya wenzake, waliochelewa wakisikilizia dirishani. Wiki hii nyakati za vitenzi, wiki ijayo marejeleo, halafu barua ya kuomba kazi. Mtihani ni wa kuchagua A, B, C au D, kwa kuwa hayupo wa kusahihisha insha zote hizo. Akipita, amepona. Babu wa Loliondo mwaka 2011 naye alitoa kikombe kimoja cha dawa kwa kila ugonjwa, ila yeye alitoza shilingi 500 tu.

Nawapongeza pia kwa subira. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Mwaka 1983 serikali ikasema hapana. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, wakawapima wanafunzi wetu. Kwa upande wa chuo kikuu, walioweza kusoma bila taabu hata vitabu vyepesi vya masomo yao hawakufika asilimia 20. Wakashauri nini baada ya kuyaona hayo? Kiingereza kiendelee. Zaidi ya miaka 40 imepita, na mahafali hadi mahafali mgeni rasmi anashangaa kwamba wahitimu hawawezi kujieleza kwa Kiingereza. Anashangaa kwa Kiswahili.

Lakini sifa kubwa ni kwa yanayotendeka darasani. Slaidi ziko kwa Kiingereza. Mhadhiri anazisoma kama zilivyo, anainua macho, anaona nyuso zimeganda, basi anaacha kusoma na kusema, "Sasa sikilizeni, jamani." Hapo ndipo somo linapoanza. Anaeleza kwa Kiswahili, kwa mifano ya Kariakoo. Wanafunzi wanauliza, wanabisha, wanacheka. Kwa dakika ishirini kuna chuo kikuu. Kisha mitihani inafika, na yote yale hayana pa kuandikwa. Anayevuna alama ni yule aliyekesha na madesa akayamwaga neno kwa neno. Aliyejaribu kueleza kwa sentensi zake, kitenzi kikakosa herufi moja mwishoni, anarudishiwa karatasi iliyojaa wino mwekundu. Kufikia mwaka wa pili kila mwenye akili ameshajua kwamba kujaribu ni hasara. Nyinyi mnauita uvivu wa vijana. Mimi naona wameelewa barabara kile mlichowafundisha.

Kwenye sheria mnanifurahisha zaidi. Mwaka 2021 Bunge lilifanya marekebisho ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mwanafunzi wenu anaendelea kusoma jinai na mikataba kwa Kiingereza, ili siku moja akamtetee kwa Kiswahili mkulima wa Kahama. Bwana shamba na muuguzi nao vivyo hivyo. Na msiniambie taaluma ya juu haiandikiki kwa Kiswahili: pale Mlimani, kwenye Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watu wanaandika tasnifu za uzamivu kwa lugha hiyo, na majoho wanayovaa ni yale yale.

Habari njema ni kwamba tangu ChatGPT ilipofunguliwa Novemba 2022, Kiingereza cha ripoti za utafiti kimenyooka ghafla. Zamani kazi iliyoandikiwa steshenari ilijulikana kwa makosa yake. Sasa kosa halionekani, na kuna misamiati ambayo hata msimamizi anaitafutia kamusi. Siku ya kuwasilisha, mwenye ripoti akiulizwa kwa nini alichagua sampuli ile, anatoa leso. Mmoja wa jopo anamhurumia: "Eleza tu kwa Kiswahili." Kijana anaeleza, tena vizuri, na alama anazopewa ni za ile ripoti asiyoiandika.

Waheshimiwa, mkikitaka Kiingereza kwa dhati, kigharamieni. Wekeni madarasa ya watu thelathini, walimu waliosomea kufundisha lugha, insha inayosahihishwa na kurudishwa kila wiki, na iwe hivyo miaka yote mitatu. Mimi nakitaka, maana mwanangu atakihitaji. Kama fedha hizo hamna, basi ruhusuni mtihani wa uchumi ujibiwe kwa lugha ambayo uchumi huo umeeleweka. Hii ya katikati, ya kupima Kiingereza kisha mkaandika kwenye cheti kwamba ni uchumi, ni udanganyifu, na kanuni zenu za mitihani zina adhabu yake.

Majibu nitayapokea kwa lugha yoyote, mradi muyaandike wenyewe.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mzazi mlipa ada