Muulize Shangazi Mtungi: Maji ya Kipupwe

Barua za msimu huu karibu zote zimetoka Nyanda za Juu Kusini, na mwandiko wa nyingi unatetemeka. Shangazi kavaa mzula wake, kazisoma zote.

*Shikamoo Shangazi. Tangu Juni ianze naamka usiku mara mbili, tatu, kwenda haja ndogo. Choo kiko nje, na usiku wa Makete si wa kutoka na msuli. Ajabu ni kwamba maji sinywi, maana kiu siisikii. Huo mkojo unatoka wapi? Kuna jirani tuligombania mpaka wa shamba la viazi. Nimerogwa?*
— Choo cha Nje, Makete

Marahaba mwanangu. Mwache jirani na viazi vyake, anayekuroga ni baridi. Ngozi ikipigwa na baridi, mishipa yake midogo hujibana ili joto lisipotee, na damu hurudi kujazana ndani ya mwili. Figo zikiona msongamano huo hudhani maji yamezidi, zinaanza kuyamwaga. Kiu nayo inadanganyika, inakaa kimya. Ndiyo maana unakojoa kutwa, na huku midomo imepasuka na kichwa kinagonga ikifika alasiri. Na ule mvuke unaokutoka mdomoni asubuhi ukienda shambani? Hayo nayo ni maji yako, unamgawia bure kila unayemsalimia.

Usingoje kiu ikuite. Kunywa asubuhi, mchana na alasiri, uvuguvugu kama ya baridi yanakuuma meno, kisha upunguze karibu na kulala. Halafu uwe unautazama mkojo wenyewe: ukifanana na chai ya rangi iliyokolea, ongeza maji, ukififia ukawa manjano ya mbali, uko salama. Ila ukiona unakunywa na kiu haikatiki, mkojo haukomi na suruali zinaanza kukupwaya, nenda zahanati ukapimwe sukari, hiyo si baridi. Mpaka wa shamba mpelekee mwenyekiti wa kijiji.

*Shangazi, kwa siku nakunywa vikombe 6 vya chai. Mke wangu anashikilia kwamba chai si maji. Tuamulie.*
— Mzee wa Chupa, Mafinga

Umeshinda, ila usishangilie kwa sauti. Kwa aliyeizoea, chai humwachia mwilini maji mengi kuliko yale inayompeleka kuyatoa. Uji unahesabika, mchuzi unahesabika, hata chungwa. Lakini pembeni ya barua yako kuna mwandiko mwingine, wa mtu anayeandika kwa hasira, unaosema kila kikombe kinatiwa vijiko 4 vya sukari. Mara 6 ni 24. Baba, kwa hesabu hiyo unakunywa jamu.

*Bibi yetu kila akiulizwa kama atakunywa maji anajibu hapana. Tufanyeje?*
— Wajukuu, Tukuyu

Acheni kumuuliza. Umri ukienda, kiu nayo hustaafu, kwa hiyo hapana yake ni ya kweli kabisa. Mpeni kikombe cha uji mwepesi mkononi, mkae naye mpige soga; kitaisha bila yeye kujua. Na hilo jiko la mkaa mlilomwekea chumbani mlitoe kabla hajalala. Chumba kikifungwa, hewa yake inaua, na haina harufu ya kumwamsha mtu.

*Shangazi, nasafiri kwa basi Njombe hadi Dar. Tangu usiku wa kuamkia safari sigusi maji, maana konda akisema hatusimami, hatusimami. Nafika kichwa kinapasuka.*
— Siti ya Dirishani

Hilo basi nalijua, au ndugu yake. Usijikaushe. Kunywa funda moja moja njiani, wala si chupa nzima kwa mkupuo kituoni. Wakisimama kuchimba dawa, shuka hata kama hujabanwa, maana atakayebanwa baadaye ni wewe. Ukifika Ruaha Mbuyuni utavua sweta mwenyewe huku ukichunguliwa na wauza vitunguu, na ile kiu iliyokuwa kimya tangu Makambako itakuja na madeni yake yote. Konda mwombe mapema, Iringa panafaa. Usije ukasubiri mteremko wa Kitonga: pale hata dereva anaomba, ila hamwombi konda.